Nyimbo za Shughuli za Mtoto Mdogo: Mwongozo kwa Walezi wa Shinyanga na Geita

Wimbo wa shughuli ni wimbo mfupi unaoimbwa kila siku kwa kazi ileile: mmoja wa kunawa, mwingine wa kuvaa, mwingine wa kuingia kwenye chandarua. Haukusudiwi kumburudisha mtoto wala kumfundisha muziki, ingawa yote mawili hutokea. Kazi yake ni kumjulisha mtoto asiyejua saa kwamba jambo fulani limeanza, linaendelea, na sasa linakwisha. Mtoto wa miaka mitatu akiambiwa "bado dakika tano" haelewi kitu, lakini anatambua kwamba kiitikio cha mwisho kimefika, na mwili wake hujiandaa kabla hajaambiwa.

Ugomvi mwingi kati ya mlezi na mtoto wa miaka miwili hadi sita huzuka pale shughuli moja inapokatwa ili nyingine ianze. Mchezo unakatizwa ili mtoto aoge. Uwanja unaachwa ili alale. Amri ya ghafla humkuta akili yake ikiwa kwingine, naye hubabaika au kususa, na mlezi hupandisha sauti. Wimbo hupunguza makali ya dakika hizo kwa njia mbili. Kwanza hutangulia kazi, hivyo mtoto hapokonywi mchezo wake kwa mkupuo. Pili humpa mtoto wajibu, nao ni kuitikia. Mtoto aliyeshika kiitikio hana nafasi ya kukataa kwa mdomo uleule.

Usukumani kuongoza kazi kwa wimbo kuna mizizi mirefu. Wakulima walilima kwa makundi wakifuata ngoma na kiongozi wa nyimbo, na bugobogobo, ngoma ya majembe inayochezwa leo kwenye sherehe, imetokana na kilimo hicho. Mtafiti Frank Gunderson alikusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma katika kitabu alichokichapisha mwaka 2010, na ndani yake muziki unaonekana ukiongoza mikono ya watu wazima shambani. Mambo matatu ya nyimbo hizo yanafaa kuhamishiwa kwa mtoto yalivyo. Kiongozi hutoa mstari na wengine huitikia neno moja au mawili yasiyobadilika. Mapigo hulingana na mwendo wa mkono unaofanya kazi. Na maneno hutungwa papo hapo kufuatana na kinachotokea, ila mahadhi hubaki. Mlezi anayetafuta pa kuanzia hana haja ya kukimbilia simu; bibi aliyewahi kulima kwa ngoma ana mahadhi ya kutosha kwa siku nzima ya mtoto, naye atafurahi kuulizwa.

Katika ukanda wa dhahabu sababu ya kutumia nyimbo ni kubwa zaidi kuliko kijijini penye utulivu. Familia huhama kufuata rashi ya dhahabu, leo Nyarugusu, mwakani Rwamgasa au Kakola. Baba aliyeajiriwa mgodi mkubwa hufanya kazi kwa zamu, na anayechimba kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hurudi saa yoyote. Mama anayepika kwa wachimbaji huondoka alfajiri. Mtoto hupita mikononi mwa dada, bibi, jirani na msichana wa kazi ndani ya siku moja. Ratiba ya saa haishiki katika nyumba ya namna hii, na kulazimisha ishike ni kujichosha bure. Kinachoweza kushika ni mpangilio: kunawa kabla ya kula, kuoga kabla ya kulala. Wimbo ndio hubeba mpangilio huo kutoka mlezi mmoja hadi mwingine na kutoka nyumba ya kupanga moja hadi nyingine. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba wimbo ni mali ya shughuli, si ya mtu. Kila anayemlea mtoto afundishwe nyimbo zilezile, hata kaka wa miaka tisa anayembeba mgongoni kwa mbeleko.

Kuchagua na kutunga hakuhitaji sauti nzuri. Mtoto mdogo hahukumu uimbaji. Anatafuta sauti anayoijua. Nyimbo tatu zinatosha kuanzia, na mpya huongezwa pale ya awali inapokuwa imekwisha kuzoeleka, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa za kuirudia. Kila shughuli ipewe mahadhi yanayotofautiana wazi na mengine, kwa kuwa mtoto hutambua mahadhi kabla ya maneno. Wimbo wa kulala ukifanana na wa kuvaa, hauna kazi tena. Maneno yataje kinachofanyika, kwa lugha anayoisikia mtoto nyumbani: Kisukuma, Kisumbwa huko Bukombe na Mbogwe, Kizinza kandokando ya ziwa, au Kiswahili kwa familia zilizochanganyika. Lugha mbili katika nyumba moja si tatizo. Kunawa kwa Kisukuma na kuvaa kwa Kiswahili humpa mtoto msamiati wa kila upande, mradi kila wimbo ubaki na lugha yake.

Urefu wa wimbo hupimwa kwa kazi. Mfano ulio wazi ni kunawa mikono, ambako kusugua kwa sabuni kunatakiwa kuchukue angalau sekunde 20, muda ambao mtoto hauoni mwisho wake. Wimbo wa viungo vya mkono hutosha. Kiongozi anauliza, "Kiganja kiko wapi?" na mtoto anaitikia, "Hiki hapa!" huku akikisugua. Hufuata mgongo wa mkono, kati ya vidole, kidole gumba, kisha kucha. Mlezi aupime kwanza peke yake. Ukiisha kabla ya sekunde 20 aongeze kiungo au apunguze kasi. Penye kibuyu chirizi, kile cha dumu lililotobolewa na kufungwa kamba hadi kwenye fimbo ya kukanyagia, wimbo huokoa pia maji: mguu hukanyaga mstari wa kwanza ili mikono ilowe, huachia fimbo wakati wote wa kusugua, na hukanyaga tena kwenye mstari wa mwisho wa kusuuza. Shinyanga ni mkoa mkavu na maji ya kununua kwa dumu ni ghali kwenye makambi ya wachimbaji, hivyo mstari huo wa mguu si pambo.

Kuamsha kunataka wimbo unaoanza chini na kupanda. Mlezi huanza akiwa mlangoni, hasogei haraka, na kumgusa mtoto hufuata baadaye. Maamkizi ya asubuhi yaweza kuingizwa humo. Mtoto wa Kisukuma anayeimba "mwangaluka" akiwa bado na usingizi anajifunza adabu na kuamka kwa pamoja. Wakati wa kilimo, mvua zinapoanza na mama anawahi shambani gizani, wimbo uleule uimbwe na atakayebaki na mtoto, saa ambayo mtoto huamka, badala ya mama kumwamsha mapema ili aimbiwe naye.

Kuvaa na kukusanya vitu ni kazi za mwendo wa kasi, na nyimbo zake ziwe za kuchangamka, zenye makofi. Kukusanya magunzi, makopo na vigari vya waya hufanyika vizuri wimbo ukiwa na mwisho unaojulikana: vitu vyote viwe ndani ya boksi kabla ya kiitikio cha tatu. Mashindano kati ya ndugu hayapendekezwi hapa. Mdogo hushindwa kila siku, na baada ya muda mfupi wimbo wenyewe humtia hasira.

Chakula kina utaratibu wake peke yake. Wimbo uwe wa kabla ya kula, mtoto anapoketi na kunawa, kisha ukome. Kuimba na kucheka mdomo ukiwa na ugali au kipande cha michembe kunaweza kumfanya mtoto apaliwe, na dagaa wana miiba. Nyimbo za kumsukumia mtoto tonge asilolitaka nazo ni afadhali ziachwe. Humzoesha kufungua mdomo kwa sababu ya wimbo, asisikilize tumbo lake, na siku mwimbaji asipokuwepo hali kabisa.

Njiani wimbo unaweza kuwa kinga halisi. Barabara za Geita, Katoro na Kahama zina malori, bodaboda na vumbi, na mtoto wa darasa la awali mara nyingi hutembea na kaka au dada tu. Mchezo wa kuganda hufundishwa kwanza uani: watoto wanatembea kwa wimbo, mlezi anakata sauti ghafla, na kila mmoja anasimama palepale mguu alipouweka. Ukirudiwa mpaka kusimama kuwe mazoea, huhamishiwa barabarani. Wimbo wa safari hukatwa kila mara hatua chache kabla ya kuvuka, na hauanzi tena mpaka mkubwa amesema. Kimya husikika kwa mtoto kuliko "simama!" iliyopigwa kelele kila siku mpaka ikazoeleka. Mchezo huu huzoeza pia kujizuia, stadi ambayo mwalimu ataihitaji sana baadaye. Mkono wa mtoto mdogo hata hivyo hauachwi.

Kumtuliza anayelia ni jambo ambalo utafiti umelipima. Huko Montreal, Kanada, watafiti waliwasikilizisha watoto wa miezi sita hadi tisa rekodi za maneno na nyimbo za Kituruki, lugha wasiyoijua, bila mzazi kuwashughulikia. Waliosikia maneno walitulia kwa zaidi kidogo ya dakika nne kabla ya kuanza kulalamika. Waliosikia nyimbo walitulia kwa dakika tisa hivi. Kwa mama mwenye sufuria motoni hizo ni dakika za kutosha kusonga ugali, si za kwenda mwaloni, mahali pa kuoshea mawe ya dhahabu, na kurudi. Mlezi aimbe akiwa anaonekana. Mtoto akiendelea kulia licha ya wimbo aliouzoea, kilio hicho kina habari: njaa, homa, sikio linalouma. Katika mikoa ya kanda ya ziwa, ambako malaria bado ni nyingi, mtoto mwenye homa hupelekwa zahanati, haimbiwi kwanza.

Usingizi ndipo wimbo unapolipa zaidi, na ndipo makosa huwa mengi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inataka mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Katika mitaa ya wachimbaji, ambako baa hupiga muziki mpaka usiku mkubwa, kufikia saa hizo ni kazi. Wimbo hauwezi kushinda spika ya baa kwa ukubwa wa sauti. Unaishinda kwa ukaribu, ukiimbwa chini, mdomo ukiwa jirani na sikio la mtoto na mkono ukimpigapiga mgongoni taratibu.

Mfululizo wa jioni uwe na nyimbo mbili au tatu zinazoteremka kwa kasi. Wa kuoga huchangamka kidogo na kutaja viungo vya mwili. Wa chandarua ni wa polepole: mtoto anaingia, anachomeka upande wake chini ya godoro mlezi akichomeka mwingine, na wimbo hauishi mpaka pande zote nne zimekaguliwa. Mfumo huu hufanya chandarua kitumike kila usiku badala ya usiku wa mbu wengi tu. Wa mwisho ni wimbo bembelezi wenyewe. Huu uwe na mstari mmoja au miwili inayorudi, na kila duru iimbwe polepole na chini kuliko iliyotangulia, hadi maneno yageuke mvumo wa midomo iliyofumbwa. Ukome mtoto akiwa amelegea lakini hajapotelea usingizini kabisa. Anayezoea kutolala mpaka aimbiwe atadai sauti hiyo kila anapozinduka usiku.

Nyimbo za kumtisha mtoto kwa fisi zimeenea, na katika mikoa yenye fisi hazionekani kuwa utani. Humnyamazisha mtoto, hazimlazi. Mtoto anayejikunyata kwa hofu hukaa macho muda mrefu, kimya, na mlezi hudhani kazi imekwisha.

Nyumba yenye mtu wa zamu ya usiku huhitaji nyimbo za mchana zisizo na sauti kubwa. Baba akiwa amelala saa nne asubuhi, watoto hawawezi kuambiwa "nyamazeni" mpaka saa nane. Hufaa nyimbo za kunong'ona, za ishara za vidole, au wimbo unaojulikana ambao kila duru neno moja linaachwa na kuwekewa ishara ya mkono, hadi wote unachezwa bila sauti. Watoto wa miaka minne na mitano huupenda mchezo huu, na nyumba hutulia bila viboko.

Kwenye mialo na karasha, yaani mashine za kusaga mawe, pana mipaka ambayo lazima isemwe wazi. Wanawake wengi huponda na kuosha mawe wakiwa na watoto mgongoni au pembeni, na ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 juu ya watoto katika migodi midogo ya dhahabu Tanzania ilitaja Geita na Kahama miongoni mwa maeneo iliyoyachunguza. Wimbo unaweza kumfanya mtoto akae kwa utulivu karibu na mashine au karibu na mtu anayechoma zebaki. Utulivu huo ni hatari tupu. Mvuke wa zebaki hauonekani, na vumbi la mawe halichagui mapafu. Nyimbo za shughuli zitumike kumpeleka mtoto mbali na hapo: kwa jirani, kwenye kituo cha kulelea watoto cha kijamii pale kilipo, au upande ambako upepo haupeleki mvuke na vumbi iwapo hakuna pa kumpeleka. Wimbo wa kunawa na kubadili nguo mama anaporudi ni wa mama kama ulivyo wa mtoto. Nguo zenye vumbi la mwalo hutolewa kabla ya kumbeba.

Vyombo vya kupigia hutengenezwa kwa vilivyopo. Ndoo iliyogeuzwa ni ngoma, na chupa ya maji yenye punje za mahindi ni manyanga. Kifuniko kifungwe kwa kamba au gundi, kwa sababu punje au kokoto ikitoka huingia mdomoni au puani mwa mtoto. Chupa iliyokuwa na dawa ya pamba, zebaki au kemikali yoyote ya kuchenjulia dhahabu haifai hata ikioshwa mara kumi. Shinyanga, ambako pamba hupuliziwa dawa kila msimu, chupa hizo huzagaa uani na ndizo zinazovutia watoto kwa rangi zake.

Katika darasa la awali mwalimu mmoja hukabili watoto wengi kuliko nyumba yoyote, na wengi wao Kiswahili hawakuanza nacho. Tatizo hili lilishughulikiwa na mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kufanya kazi katika mikoa kadhaa ukiwemo Shinyanga: uliandaa mafunzo mafupi ya kuwaweka watoto tayari kwa shule, yakiongozwa na wasaidizi kutoka jamii yenyewe na kujengwa juu ya hadithi, michezo na nyimbo. Kwa mwalimu wa leo, nyimbo nne zingetosha kuendesha siku: wa kuingia, wa kukaa duara, wa kunawa kabla ya uji, na wa kuaga. Wimbo wa kuingia uwe na nafasi ya jina la kila mtoto; anayeitwa kwa jina lake asubuhi ndani ya wimbo huitikia mapema kuliko anayesubiri daftari la mahudhurio. Maelekezo ya Kiswahili yaingizwe ndani ya mahadhi pamoja na ishara. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani akiimba "simama" huku akisimama hahitaji kutafsiriwa neno hilo. Ngoma moja ya kweli, ikipigwa mapigo matatu kabla ya kila wimbo, huokoa koo la mwalimu.

Redio na simu ni wasaidizi, si walezi. Kipindi cha Akili and Me cha Ubongo, kilichotengenezwa Dar es Salaam kwa watoto wa umri wa awali, kina nyimbo za Kiswahili zinazofaa kuigwa na mlezi. Faida huja mlezi anapozijifunza na kuziimba mwenyewe kwenye beseni la kuogea, kwa kuwa video haijui mtoto amefika mguu upi. Miongozo ileile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 haipendekezi kioo kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Simu haiwekwi sikioni mwa mtoto, wala haachiwi kitandani.

Mtoto asiyeitikia nyimbo kabisa aangaliwe kwa makini. Akiwa na miezi kadhaa na hageukii sauti, au akiitikia tu anapoona midomo ya mlezi, apelekwe kupimwa masikio badala ya kuitwa mkaidi. Asiyesikia naye hufaidika na mpangilio uleule: mapigo yanayohisiwa mkono ukiwa juu ya ngoma, ishara moja isiyobadilika kwa kila shughuli, na uso wa mlezi ukiwa mbele yake. Wapo pia watoto wanaokerwa na sauti nyingi. Kwao makofi huachwa na mvumo wa chini hutosha.

Wimbo hauhitaji kuimbwa milele. Mtoto anayenawa mwenyewe hadi kwenye kucha bila kuanzishiwa ameuhitimu, na kuendelea kumwimbia ni kumrudisha nyuma. Mlezi hupunguza kidogo kidogo: kwanza huanza mstari na kumwacha mtoto aumalize, kisha huvumisha mahadhi tu, mwisho hunyamaza. Familia ikihamia machimbo mapya, mtoto akiugua au mdogo akizaliwa, mtoto aliyekwisha kuacha wimbo huweza kuudai tena. Apewe bila kuchekwa, kwa wiki mbili tatu, kisha upunguzwe upya kwa mfuatano uleule.